Gari Alilotengenezewa Mmanga

Faiza Makungu hakuwa dereva mzuri, na yeye mwenyewe alikuwa wa mwanzo kulisema hilo. Leseni alikuwa nayo tangu ana miaka ishirini na mbili, lakini akishika usukani mabega humpanda masikioni, na kona huanza kuiogopa kabla hajaiona. Alichokuwa nacho ni kitu chengine. Akikaa kiti cha pembeni, macho kafumba, aliweza kukwambia gari linataka gia gani, nguvu yake inaanzia wapi na inakatikia wapi.

Hilo alilipata kwa baba yake. Marehemu Makungu alikuwa akiendesha gari la mchanga, na skuli zikifungwa alikuwa akimpakia mtoto wake mbele, wakaenda na kurudi kutwa nzima. Wakipanda mwinuko wa Masingini, gari limeshiba mchanga linanguruma, mzee hasemi kitu ila neno moja: "Hapo." Kabla ya hapo injini ilikuwa inajikokota, na baada ya hapo ni kelele tupu, lakini hapo penyewe gari lilikuwa likipanda kama halikubeba kitu. Faiza alijifunza kuisubiri sehemu ile kwa nyayo na kwa mgongo. Alipofika miaka kumi alikuwa akiwahi kulisema neno kabla ya baba yake, na mzee hucheka mpaka akakohoa.

Alipomaliza skuli aliajiriwa duka moja la spea Mwanakwerekwe, na hapo kaunta amekaa miaka kumi na minne. Mafundi walimzoea. Mtu akija kutaka pampu ya mafuta, Faiza humuuliza kwanza gari linafanya nini, na mara nyengine humrudisha mikono mitupu: "Si pampu hiyo, kaangalie chujio." Ndipo alipokutana na Haitham, fundi wa majenereta katika hoteli moja ya Kiwengwa, aliyekuja kutafuta noseli ya kupulizia dizeli. Wiki ya pili alirudi kutafuta noseli nyengine. Wiki ya tatu hakuwa na cha kutafuta, akaja vivyo hivyo.

Walioana, wakakaa ghorofa ya juu ya nyumba ya kina Haitham, mtaa wa Kiponda mjini, na mama yake Haitham, Bi Ummukulthum, akikaa chini. Walipata mtoto mmoja, Salhiya. Haitham alikuwa akilala Kiwengwa tangu Jumapili mpaka Alkhamisi, kwa sababu jenereta halichagui saa ya kuharibika, kisha hurudi mjini kwa Ijumaa na Jumamosi. Miaka kumi na mmoja ilikwenda hivyo, na Faiza hakuona upungufu.

Mchezo uliingia nyumbani kwa njia ya hoteli. Chumba cha michezo cha wageni kilibadilishwa vifaa, na mashine mbili kuukuu za kuchezea, zilizokuwa hazishiki moto, akaambiwa Haitham azichukue kama anazitaka. Alizifungua, akazisafisha, akazifufua. Moja aliiweka chumbani kwake Kiwengwa, moja akaileta Kiponda pamoja na usukani wake na vikanyagio vyake. Usukani aliufunga kwa boliti juu ya meza ya cherehani bovu, vikanyagio akavitia chini pale palipokuwa na kikanyagio cha cherehani. Ulikuwa ni mchezo wa mashindano ya magari, unachezwa na watu wa dunia nzima kwa mtandao, na ndani ya mtandao ule kulikuwa na kundi la wachezaji wa Unguja waliokuwa wakishindana wenyewe kwa wenyewe kila Jumamosi.

Katika mchezo ule mtu hapewi gari likawa basi. Anaweza kulifungua kwenye skrini akalipanga atakavyo: urefu wa kila gia, nguvu ya tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, na wakati wa kuingia kwake, namna tairi za nyuma zinavyogawana mzigo. Mpango mzima wenyewe waliuita setingi. Wachezaji wengi hawana subira, huburuza kila kitu mpaka mwisho ili nguvu iwe kubwa. Faiza aliliona kosa lao siku ya kwanza, akiwa amekaa nyuma ya mumewe na bakuli la njugu.

"Nguvu unazo za kutosha," alimwambia. "Lakini zinakuja zote pamoja. Tairi zinasaga lami, gari haliendi."

"Sasa nifanye nini?"

"Niachie mimi."

Alikaa na skrini ile mpaka adhana ya magharibi. Alirefusha gia ya pili, akaipunguza tabo na kuifanya iingie mapema, mstari wa nguvu uliokuwa umesimama kama mnazi akaulaza ukawa kama mwinuko wa Masingini. Haitham alipolijaribu gari, alitoka kwenye kona ya kwanza bila ya kuteleza, akageuka akamtazama mkewe.

Tangu siku hiyo wakawa wawili. Haitham alikuwa na mguu mzito na pupa, akikanyaga mafuta hukanyaga mpaka chini, na Faiza alimpangia magari kwa mguu ule ule, nguvu imezuiliwa pale alipojua mumewe atakosea, imefunguliwa pale alipojua hatokosea. Jina lao la mchezoni lilikuwa Kiponda. Kwa miaka minne hakukuwa na mchezaji wa Unguja aliyependa kupangwa na Kiponda. Na Haitham, kwa haki yake, hakumficha. Akisifiwa barazani alikuwa akisema, "Mimi nakanyaga tu. Fundi yuko nyumbani."

Mwaka jana, baada ya chakula cha mchana cha Ijumaa moja, Haitham akaja na ombi.

"Kuna mwenzangu hotelini, Mmanga, mtu wa stoo. Anataka kujifunza mchezo. Lakini gari kila nikimpa linamtupa nje."

"Umempa lako?"

"Nimempa langu."

"Lako hawezi mtu mwengine. Mguu wake ukoje?"

Haitham alifikiri kidogo. "Mwepesi. Mwenye hofu."

"Anaogopa kona au anaogopa nguvu?"

"Nguvu. Zikija ghafla anaachia kila kitu."

Faiza alicheka. "Basi ni ndugu yangu huyo."

Siku ile ile alimpangia gari dogo, nguvu yake ndogo na imetandazwa toka chini mpaka juu, hata mtoto angeweza kulikanyaga lisimtishe. Setingi ile aliipa namba moja, akaituma kwenye akaunti mpya aliyofunguliwa huyo mwanafunzi. Akaunti iliitwa Mwani. Faiza aliuliza kwa nini Mwani, na Haitham akamwambia mama yake Mmanga analima mwani. Ilikuwa ni jambo la kawaida kwa mtu wa Kiwengwa, hakuuliza tena.

Mchezo unahifadhi kila mbio, na aliyetuma setingi anaweza kuzitazama. Pembeni ya skrini kuna kijistari kinachopanda na kushuka kila dereva anapokanyaga mafuta. Faiza akawa na desturi, akirudi kazini, akishamwekea Salhiya chakula chake, hukaa dakika ishirini akamtazama Mwani. Alimpenda mchezaji yule. Mwani hakuwa na pupa. Akitoka kwenye kona hukigusa kikanyagio mara mbili, kidogo kidogo, kama mtu anayeonja maji ya kuoga kwa ncha ya kidole, ndipo akakanyaga. Akikosea harudii kosa lile lile. Mwezi wa kwanza alikuwa anaachia mafuta katika kila kona. Mwezi wa tatu alikuwa anaachia katika kona mbili tu, na Faiza alikuwa ameshafika setingi namba nne, kila moja ikiwa na nguvu zaidi kidogo kuliko ya kabla yake.

"Mwambie Mmanga asiguse mara mbili tena," alimwambia Haitham. "Sasa mguu wake unajua. Aguse mara moja."

"Ntamwambia."

Na wiki iliyofuata kijistari kilipanda mara moja, moja kwa moja, kikanyooka. Faiza alifurahi peke yake chumbani. Hajawahi kumfundisha mtu kitu akamwona anakipokea vile. Mumewe mwenyewe, kwa miaka minne, hakubadilisha mguu wake hata kidogo, gari ndilo lililobadilishwa. Idi ilipokuja alimimina mkate wa mchele, mmoja wa nyumbani na mmoja akauviringisha kitambaa, akampa Haitham.

"Huu wa Mmanga. Mpe, umwambie fundi wake anampongeza."

Haitham aliuchukua. Faiza baadaye alijaribu sana kuukumbuka uso wake wakati ule, lakini hakuona kitu, kwa kuwa wakati ule hakuwa anatafuta kitu.

Mwezi wa tano wa mafunzo ukapita, wa sita ukaingia. Setingi ilikuwa imefika namba sita. Siku moja ya Jumatatu, saa nne asubuhi, alikuja dukani mtu mzima mwembamba, amevaa fulana yenye nembo ya hoteli ya kina Haitham, akataka mkanda wa feni wa gari la wageni. Faiza alimtolea, akamwandikia risiti.

"Niandike jina gani?"

"Andika hoteli. Aliepokea, Mmanga, wa stoo."

Faiza aliweka kalamu chini. "Wewe ndie Mmanga? Mimi Faiza, mke wa Haitham."

"Oh, shemeji." Yule bwana alinyoosha mgongo kwa adabu. "Khabari za nyumbani?"

"Nzuri. Namba sita umeionaje? Ile kona ya kushoto ya mwisho bado naona unaiachia, lakini si gari hiyo, ni wewe tu. Ukithubutu litapita."

Mmanga alimtazama. Alitabasamu tabasamu la mtu asiyetaka kuonekana mjinga. "Kona ipi, shemeji?"

"Ya mchezoni."

"Mimi michezo hiyo sichezi. Hata kuishika sijapata."

Faiza alidhani ni mzaha. "Si unacheza kwenye mashine ya Haitham? Chumbani kwake, hotelini?"

"Haitham hana chumba hotelini siku hizi. Amehama toka..." Faiza aliona jinsi macho yalivyotoka usoni kwake yakaenda kwenye rafu za mafuta ya breki yakabakia huko.

"Amehama toka lini, shemeji?"

"Mimi nimetumwa mkanda tu, dada yangu."

"Amehamia wapi?"

"Muulize mwenyewe." Alikuwa ameshaukunja mkanda, anaushika kwa mikono miwili. "Wallahi mimi sipendi mambo haya. Muulize mwenyewe."

Akatoka, risiti ameiacha kaunta.

Faiza aliwahudumia watu waliokuwepo. Fundi mmoja alimuuliza mara mbili bei ya plagi. Adhuhuri ilipofika aliomba ruhusa, akasema kichwa kinamuuma, akarudi nyumbani, akaiwasha mashine.

Alizitazama mbio za Mwani upya, toka ya kwanza. Safari hii hakutazama mguu, alitazama siku. Mwani alicheza Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ijumaa na Jumamosi, Haitham akiwepo mjini, Mwani hakucheza hata mara moja. Mwezi wa Ramadhani alicheza baada ya tarawehe. Nyengine zote zilikuwa jioni, wakati wa watu kukaa nyumbani kwao. Akayakumbuka majibu ya mumewe, mwepesi, mwenye hofu, zikija ghafla anaachia. Mtu wa stoo huwezi kumjua mguu wake namna ile. Haitham alikuwa amekaa karibu mno na mguu ule, na mguu ule ni wa mwanamke.

Faiza hakulia. Alifungua setingi namba sita, na kwa mikono ile ile iliyoitengeneza akaivunja. Gia ya pili aliifupisha. Tabo aliikuza mpaka mwisho, akaichelewesha, ili gari liwe kama limekufa, kisha nguvu zije zote kwa mara moja pale dereva alipokwisha kuzikatia tamaa. Tairi za nyuma alizifunga pamoja ili zikiteleza ziteleze zote mbili. Alijua vizuri kabisa anachokifanya na anamfanyia nani, mtu anayeogopa nguvu za ghafla. Akaiandika namba saba, akaituma.

Jumanne hapakuwa na kitu. Jumatano alasiri, alipoiwasha mashine, alikuta ujumbe katika kisanduku cha mchezo. Ulitoka kwa Mwani kwenda kwa Kiponda.

"Haitham, hili la mwisho linanitupa kila nikikanyaga. Jana nimejaribu toka magharibi mpaka isha. Kama nimekuudhi niambie kwa mdomo, usiniambie kwa gari."

Aliusoma mara nyingi. Jambo lenyewe alikuwa ameshalijua toka Jumatatu, lakini kulijua na kulisoma ni mambo mawili. Yule mwanamke, popote alipokuwa, aliisoma hasira ndani ya setingi. Katika watu wote waliowahi kuendesha magari aliyoyapanga Faiza, akiwemo mumewe, hakuna aliyewahi kuhisi kuna mtu ndani yake.

Akaandika: "Huyu si Haitham. Ni Faiza, mkewe. Setingi zote ulizoletewa, toka ya kwanza, nimezipanga mimi. Wewe nani?"

Alisali alasiri, akamfunga Salhiya nywele zake zilizofumuka, akarudi. Jawabu lilikuwepo.

"Mimi Ilham, nafundisha chekechea Kiwengwa. Tumeoana mwezi wa Rajabu. Nilijua ana mke mjini, hilo hakunificha. Aliniambia umelijua na umeridhia. Magari aliniambia anayapanga yeye. Mkate wa Idi aliniambia umeniletea mimi, kwa jina langu. Nilitaka kukupigia kukushukuru, akasema huna mazoea ya simu na watu wageni. Nisamehe, dada. Sikujua."

Faiza alizima mashine.

Haitham aliingia Alkhamisi baada ya alasiri, na mfuko wa samaki mkononi, akatoa salamu. Faiza aliitikia. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuchezea, skrini iko wazi, jawabu la Ilham liko pale pale. Haitham alisoma akiwa amesimama. Mfuko ulikuwa ukidondosha maji sakafuni.

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukwambia," alisema hatimaye.

"Siku zilikuwepo. Kila Ijumaa ulikuwepo hapa."

"Faiza, sikufanya haramu. Nimeoa kwa walii na mashahidi."

"Sijasema haramu. Umeoa, umeoa, hilo lina njia yake, na ungeniambia ningelia siku zangu, kisha tungejua la kufanya." Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ile anayotumia na mafundi wa dukani. "Mimi nnakuuliza kitu kimoja. Mimi ulinitia kwa nini?"

"Nilikutia wapi?"

"Ulikaa kitandani hapo, nnakuuliza mguu wake ukoje, ukaniambia. Nikampunguzia mkeo nguvu asiogope. Kila wiki nakaa hapa nafurahi anaendelea vizuri. Nimemmiminia mkate. Ulinitazama nnafanya yote hayo, miezi, na ulikuwa unajua. Ulikuwa unanicheka?"

"Sikukucheka hata siku moja."

"Sasa ulikuwa unafanya nini?"

Haitham aliuweka mfuko juu ya meza ya cherehani, karibu na usukani. "Alitaka kujifunza," alisema. "Na mimi siwezi kupanga gari, unajua. Nilitaka awe na gari zuri. Gari zuri liko kwako tu."

Alilisema hivyo hasa, bila ya ubaya, kama mtu anayeeleza kwa nini amekwenda duka fulani. Faiza alisema baadaye kwamba kama angepata uongo mwengine pale, angalau mmoja, pengine angebaki. Ukweli wake ndio uliomtoa.

Aliteremka chini kwa mama mkwe. Bi Ummukulthum alikuwa anachambua mchele barazani, na alipomwona mkwewe anavyoteremka aliacha mkono ndani ya ungo.

"Mama, unalijua hili?"

Bibi aliuweka ungo chini. "Nilimwambia akwambie mapema. Nilimwambia, mwanangu, asije akasikia nje."

"Harusini ulikwenda?"

"Nilikwenda. Ni mwanangu, Faiza."

Na hapo Faiza akakumbuka. Mwezi wa Rajabu, Bi Ummukulthum aliaga kwamba anakwenda kwenye hitma Kiwengwa, kwa jamaa wa mbali. Faiza ndiye aliyempigia pasi buibui lake. Ndiye aliyemfukizia udi. Alimsindikiza mpaka mlangoni akamwambia awape pole wafiwa.

Mpaka leo hajamkosea adabu mama yule. Alipanda juu, akafungasha nguo zake na za Salhiya katika masanduku mawili, na kabla ya magharibi walikuwa Jang'ombe kwa mama yake. Haitham aliteremsha masanduku mwenyewe. Usukani na mashine alivitoa nje kwa mkono wake, akisema ni vyake avichukue, Faiza akasema havitaki.

Wazee walikuja Jang'ombe mara mbili kusuluhisha. Walizungumza vizuri, wakanywa kahawa, wakasema mengi juu ya subira na juu ya mtoto, na Faiza aliwajibu kwa heshima kwamba hana ugomvi na ndoa ya pili. Hawakufahamu ana ugomvi na nini basi, na kila alipojaribu kulieleza lile la gari, mmoja wao alikuwa akisema, "Yaani mchezo wa kitoto huo?" Aliacha kulieleza. Mara ya tatu Haitham alikuja peke yake na karatasi, kwa kuwa Faiza alimwomba, na akaiandika talaka mbele ya kaka yake Faiza. Aliikunja karatasi mara mbili, akaitoa kwa mikono miwili. Faiza aliliona hilo, na likamuuma, na hakubadilisha neno lake.

Ilham aliandika mara moja zaidi, safari hii kwa simu. Namba aliipata kwa Mmanga. Aliandika kwamba amezifuta setingi zote saba na mashine ameifunika kwa kitambaa, na kwamba Haitham haulizi. Faiza aliusoma ujumbe ule akiwa dukani. Hakumchukia. Alikaa na simu mkononi akitafuta la kumjibu, akaja mteja, na baada ya mteja yule hakulitafuta tena.

Mjini habari zilifika kwa njia zake. Jina la Kiponda lilishuka kwenye orodha ya Jumamosi wiki hata wiki, na wachezaji, ambao si wajinga, wakafahamu fundi hayupo tena nyumbani. Wakaanza kuja dukani. Mmoja anamweleza gari lake linavyoteleza, mwengine anamletea video kwenye simu. Kwa miezi minane Faiza aliwaambia wote kuwa ameacha. Haikuwa ni ujeuri. Alijaribu mara moja, kwa mashine ya mpwa wake, kumpangia mtu gari. Alifika kwenye lile swali lake la kwanza, mguu wake ukoje, akakuta hawezi kuliamini jibu lolote atakaloambiwa. Akaiacha kazi njiani.

Aliyemrudisha ni Ismail, dereva wa teksi mwenye miaka hamsini, anayecheza nyumbani kwake Michenzani kwa sababu, alisema, ndiko anakokwenda mbio bila ya polisi. Alikuja dukani mara nne kwa upole.

"Nnakubali kwa sharti moja," Faiza alimwambia mara ya nne. "Sielezwi. Nakuja kwako, nakaa, unaendesha mbele yangu."

"Karibu hata kesho. Mke wangu atafurahi kupata mgeni."

Alikwenda Jumapili asubuhi, pamoja na Salhiya. Mke wa Ismail aliwakaribisha kwa chai na vitumbua, akamchukua Salhiya jikoni. Ismail alivua viatu, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya televisheni, akaendesha. Faiza hakutazama skrini. Alikaa kwenye kigoda kando, ameinama, anatazama miguu ya yule mzee kwenye vikanyagio, namna kisigino kinavyonyanyuka, namna kidole gumba kinavyojikunja kabla ya kona. Alimwacha azunguke mara sita.

"Nani mwengine anaendesha gari hili?" alimuuliza.

"Hakuna. Mimi peke yangu."

"Ndani ya nyumba hakuna? Jirani? Jamaa?"

"Hakuna, dada. Peke yangu."

Faiza alichukua kidude cha kuchezea, akaifungua orodha ya mbio zilizohifadhiwa, akaanza kuzitazama moja moja, tarehe kwa tarehe. Ismail alikaa akamsubiri, chai yake ikapoa, wala hakuuliza anatafuta nini.